Mlingoti Mmoja

Edelmira aliniita Jumanne, katika ile mvua ya Chiloé
isiyoanguka, bali inayokuja kwa miguu kutoka pembeni.
"Fundi, kila nikiongea na mwanangu
baba mkwe anapoteza mpira."

Nikapanda paa la vigae vya mbao, vinateleza ukoga.
Mlingoti mmoja: bomba la maji lililostaafu.
Juu yake antena mbili zimebanana:
ya redio, fimbo nyeupe ya kusemea na boti,
ya televisheni, mifupa ya samaki iliyotazama mnara ng'ambo.
Kati yao shubiri moja.
Waya zao zimesukwa pamoja kwa uzi wa nyavu
kama nywele za mtoto wa shule.

Nikaziuliza (juu ya paa huna mwingine wa kumuuliza):
nani aliwaoza nyie?

Redio ikisema, husema kwa wati ishirini na tano.
Televisheni haisemi kamwe. Kazi yake kusikia,
na inachosikia ni mnong'ono
uliovuka maji, ukavuka vilima, ukafika umechoka.
Sasa mlaze huyo kitanda kimoja na mpiga mayowe.

Nilizitenganisha.
Redio kileleni, wima, kwa kuwa maneno yake husafiri yamesimama.
Televisheni chini yake, mita mbili,
nilizipima kwa kamba yenye mafundo kwa sababu futi yangu
ilikuwa imeanguka ndani ya pipa la mvua.
Hiyo nikailaza, maana picha za huku huja zimelala.
Aliyesimama na aliyelala hawagombanii mto.

Waya ya zamani nilipoikata, shaba ndani ilikuwa kijani;
chumvi ilishaila mpaka moyoni.
Nikaweka mpya, moja kaskazini mwa bomba, moja kusini,
na mahali zilipolazimika kukutana, juu ya mlango,
nikazipitanisha msalaba:
salamu, kisha kila mtu na njia yake.
Fimbo ya ardhi nikaizika kando ya viazi.
Mwisho, mgongoni mwa televisheni, kichujio,
kitu cha ukubwa wa kidole gumba
kinachojua kusema: wewe pita, wewe baki nje.

Edelmira akabonyeza kitufe.
"Porfiada, Porfiada, hapa nyumbani."
Nolberto akajibu kutoka kwenye kamba za kome:
mbili zimekatika, mkono umekwaruzwa kidogo tu,
na supu leo isizidi chumvi.
Wakaongea, wakaongea.
Kwenye kioo, refa hakutikisika hata unywele.

Nikasubiri sifa. Nani asiyesubiri?

Mzee Baldomero alitazama kioo, akanitazama mimi,
akatazama kioo tena.
Masikio yake aliyaacha kwenye msumeno wa mbao,
miaka thelathini na nane, bila hata pamba.
"Kijana hajapiga?" akauliza, kwa sauti ya kujaza nyumba.
"Saa kumi imepita. Mbona hajapiga?"

Edelmira bado alikuwa na kitufe mkononi.
Tukatazamana.

Michirizi ndiyo ilikuwa barua yake.
Ikija mirefu, mistari ya kulala kutoka ukingo hadi ukingo,
mzee alijua boti imeitika, mjukuu yu mzima,
kwani hakuna mama anayezungumza na maji muda wote ule.
Ikija mara moja na kukoma, alivaa buti
akaenda gatini kusimama.
Mpira? Alilalamikia mpira kama mtu
anavyolalamikia mvua asiyotaka kuhama.

Nikainama nyuma ya televisheni, nikafungua kichujio,
nikakiweka rafuni kando ya kopo la sukari.
Antena sikuzigusa.
"Ita tena," nikamwambia Edelmira.
Picha ikabaki, wachezaji na namba zao migongoni,
na juu yao ikapita michirizi myembamba
kama uzi unaovutwa kutoka kwenye sweta.
"Ahaa," akasema mzee, akaegemea kiti.
"Kapiga."

Walinilipa nusu fedha, nusu gunia la viazi.
Kwenye risiti niliandika: *kuondoa mwingiliano*.
Nikafuta neno la kwanza.
Nikaandika: *kupunguza*.